Bao lililofutwa Polo Grounds: nini hasa kilimponza Fred Merkle mwaka 1908

Jumatano ya Septemba 23, 1908, maelfu ya mashabiki wa besiboli walitoka uwanja wa Polo Grounds jijini New York wakishangilia. Timu yao, New York Giants, ilikuwa imewafunga Chicago Cubs 2-1 kwa bao la dakika ya mwisho, na bao hilo walikuwa wameliona kwa macho yao. Kabla ya usiku kwisha wakasikia kwamba mchezo umetangazwa sare ya 1-1. Bao limefutwa, na aliyesababisha lifutwe ni kijana wa miaka 19 anayeitwa Fred Merkle, ambaye hakukanyaga kituo cha pili.

Merkle alibeba lawama hiyo mpaka kufa kwake. Magazeti yalimpachika jina la Bonehead, kichwa kisicho na kitu ndani, na likamganda. Hata leo, anayeisikia habari hii kwa mara ya kwanza huisikia kama habari ya mzembe mmoja aliyesahau kukimbia. Mimi naona imesimuliwa vibaya. Merkle alifanya jambo ambalo wachezaji wenzake walikuwa wakilifanya kila siku, mbele ya waamuzi waliokuwa wakiliona na kunyamaza. Ili kuelewa kwa nini siku hiyo lilikataliwa, inabidi kwanza tuifahamu sheria, kisha desturi iliyokuwa imeifunika, kisha mchezo mwingine uliochezwa Pittsburgh siku 19 kabla yake.

Sheria yenyewe

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuutazama mchezo huu: uwanja una vituo vinne vilivyopangwa kwa umbo la almasi, na kutoka kimoja hadi kingine ni kama meta 27. Mpigaji husimama kituo cha nyumbani akiwa na gongo, na mrushaji wa timu pinzani humrushia mpira. Akiupiga ukaingia uwanjani, anaachia gongo na kukimbilia kituo cha kwanza. Wenzake wakiendelea kupiga, yeye husogea cha pili, cha tatu, na akirudi salama nyumbani timu yake imepata bao. Wakishatolewa wachezaji watatu, zamu inakwenda upande wa pili. Timu zote zikishapiga, ngwe moja imekwisha, na mchezo una ngwe tisa; zikiwa sare, huongezwa nyingine. Wageni hupiga kwanza katika kila ngwe, kwa hiyo wenyeji wakipata bao la kuongoza katika nusu ya mwisho ya ngwe ya tisa, hakuna haja ya kuendelea.

Sasa njoo kwenye suala la kulazimika kuhama kituo. Mpigaji akishaupiga mpira chini, sheria inampa haki ya kwenda kituo cha kwanza, na kituo kimoja hakikai watu wawili. Kama tayari kuna mwenzake pale, huyo hana budi aondoke aende cha pili, na kama cha pili pia kuna mtu, huyo naye aende cha tatu. Ni kama benchi la wagonjwa zahanati: akiingia mmoja mlangoni akakaa mwisho wa benchi, wote wanasogea. Mkimbiaji aliyelazimika hivyo anaweza kutolewa kwa njia rahisi kabisa. Mlinzi hana haja ya kumgusa. Inatosha aushike mpira na kukanyaga kituo ambacho mkimbiaji alitakiwa afike, kabla hajafika.

Kiungo cha pili cha sheria ndicho kilicholiua bao la New York. Inasema kwamba ikiwa mchezaji wa tatu ametolewa kwa kulazimika, au ni mpigaji aliyetolewa kabla hajafika kituo cha kwanza, basi hakuna bao linalohesabiwa katika tukio hilo, hata kama mkimbiaji mwingine alikuwa amekwishaingia nyumbani kabla.

Ukiisikia mara ya kwanza unaweza kuona kama ni uonevu. Mtu ameingia nyumbani saa nzima, kwa nini bao lake life kwa kosa la mwenzake aliye nyuma meta zaidi ya hamsini? Lakini jaribu kuiondoa sheria hiyo uone. Tuseme wameshatolewa wawili, na kuna mkimbiaji kituo cha tatu. Mpigaji anaugonga mpira hafifu, unabiringika kwa mlinzi, mlinzi anauokota kwa utulivu na kumrushia mwenzake wa kituo cha kwanza. Mpigaji ametolewa kirahisi, lakini yule wa kituo cha tatu, aliyeanza kukimbia mpira ulipogongwa, anaweza kuwa ameshafika nyumbani kwa nukta moja. Bila sheria hii kila pigo bovu la namna hiyo lingezaa bao. Ndiyo maana sheria inasema: pigo halijakamilika mpaka mpigaji afike cha kwanza na wote waliosukumwa naye wafike walikotakiwa. Kabla ya hapo, bao ni deni tu.

Hali ni tofauti kwa mkimbiaji ambaye hakulazimika. Huyo akijitosa kwenda kituo cha mbele kwa hiari yake, akaguswa na mpira akatolewa kuwa wa tatu, bao lililoingia kabla ya kuguswa kwake linabaki. Kwa hiyo swali la kujiuliza siku zote ni moja: je, huyu aliyetolewa alikuwa amesukumwa?

Ngwe ya tisa

Ligi ya Taifa (National League), moja ya ligi kuu mbili za besiboli Marekani, mwaka 1908 ilikuwa na mbio za farasi watatu. Giants, Cubs na Pittsburgh Pirates walikuwa wakipishana kwa mchezo mmoja au miwili, msimu ukiwa unakaribia kwisha. Cubs walikuwa mabingwa wa 1907. Giants walikuwa na meneja John McGraw, mtu mkali asiyekubali kushindwa, na mrushaji Christy Mathewson, ambaye msimu huo peke yake alishinda michezo 37.

Merkle hakuwa mchezaji wa kikosi cha kwanza. Mlinzi wa kawaida wa kituo cha kwanza, Fred Tenney, aliamka na maumivu ya mgongo siku hiyo. Ulikuwa mchezo pekee alioukosa Tenney msimu mzima, na ilikuwa mara ya kwanza mwaka ule kwa Merkle kuanza mchezo kituo cha kwanza. Akawekwa mbele ya umati wa New York, katika mchezo mkubwa kuliko yote ya mwaka hadi siku hiyo.

Mathewson alirusha kwa Giants, Jack Pfiester kwa Cubs. Katika ngwe ya tano Joe Tinker wa Cubs aliupiga mpira ukampita Mike Donlin uwanja wa nje, akazunguka vituo vyote na kufunga. Ngwe ya sita Donlin huyohuyo akasawazisha kwa pigo lililomwingiza Buck Herzog. Baada ya hapo hakuna aliyefunga hadi nusu ya mwisho ya ngwe ya tisa, jua likiwa linazama.

Fuatilia hatua kwa hatua, maana kila moja ina kazi yake. Cy Seymour akatolewa: mmoja. Art Devlin akapiga pigo safi akafika kituo cha kwanza. Moose McCormick akaugonga mpira chini kwa walinzi. Devlin akalazimika kukimbilia kituo cha pili ili kumpisha McCormick, walinzi wakauwahisha mpira kituo cha pili kabla hajafika, na Devlin akatolewa: wawili. McCormick akabaki kituo cha kwanza.

Hebu tusimame hapo kidogo. Katika ngwe hiyohiyo, kwenye kituo hichohicho, muda mfupi kabla ya tukio lililoleta zogo lote, mchezaji wa Giants alitolewa kwa sheria ileile ya kulazimika, na hakuna mtu yeyote uwanjani aliyefungua mdomo. Kwa hiyo haikuwa sheria ya pembeni, ngeni, iliyofukuliwa vitabuni. Kila aliyekuwa pale aliijua. Kilichokuwa hakijazoeleka ni kuitumia baada ya bao la ushindi kuingia.

Akaja Merkle. Akaupiga mpira kulia, pigo zuri, McCormick akakimbia hadi kituo cha tatu na Merkle akasimama cha kwanza. Kisha Al Bridwell, kwa pigo lake la kwanza, akaupeleka mpira katikati ya uwanja kwa kasi, karibu umpige mwamuzi Bob Emslie, ambaye ilimbidi ajitupe chini ili kuukwepa. McCormick akaingia nyumbani. Mbili kwa moja. Mashabiki wakamwagika uwanjani.

Merkle alikuwa njiani kwenda kituo cha pili. Alipoona McCormick ameingia na umati unakuja, akakata kona na kukimbilia vyumba vya wachezaji, vilivyokuwa upande wa mbali wa uwanja.

Evers na mpira

Johnny Evers, mlinzi wa kituo cha pili wa Cubs, alikuwa mtu mwembamba, mbishi, mwenye mazoea ya kukisoma kitabu cha sheria kama wengine wanavyosoma magazeti. Aliona Merkle amegeuka. Akaanza kupiga kelele auletewe mpira.

Kuanzia hapa masimulizi yanagawanyika, na hayajawahi kuungana tena. Solly Hofman, mlinzi wa katikati, aliurusha mpira kuelekea ndani. Joe McGinnity, mrushaji wa Giants ambaye hakuwa akicheza siku hiyo bali alikuwa akiwaongoza wakimbiaji pembeni, akang'amua Evers anataka nini, akaupata mpira na kuutupa katikati ya watu. Wachezaji wa Cubs wanasema walimvamia shabiki aliyeudaka, wakaupata, ukapita mkono hadi mkono mpaka kwa Evers. Watu wa New York walisema mpira alioushika Evers ulikuwa mwingine kabisa. Wapo pia waliodai kwamba Merkle aliitwa, akarudi na kukanyaga kituo. Picha za video hazikuwepo. Kilicho hakika ni kwamba Evers alisimama juu ya kituo cha pili, mkononi ana mpira, akidai kwamba Merkle ametolewa.

Waamuzi walikuwa wawili tu. Emslie, aliyekuwa na dhamana ya vituo, alikuwa chini akikwepa pigo la Bridwell na hakumwona Merkle. Akamgeukia mwenzake wa kituo cha nyumbani, Hank O'Day. O'Day alisema ameona: Merkle hakufika kituo cha pili, ametolewa, bao halipo. Kwa kuwa umati ulikuwa umefunika uwanja na giza linaingia, mchezo haukuweza kuendelea. Sare.

Sasa, kwa nini O'Day alikuwa akitazama kituo cha pili, wakati desturi ya kazi yake ilikuwa kuhakikisha bao limeingia kisha akaenda zake?

Pittsburgh, Septemba 4

Jibu liko Pittsburgh. Siku 19 kabla, Cubs walikuwa wageni wa Pirates, 0-0, nusu ya mwisho ya ngwe ya kumi, wameshatolewa wawili, vituo vyote vitatu vina watu. Owen Wilson akapiga pigo safi, Fred Clarke akaingia nyumbani na mchezo ukaonekana umekwisha. Mkimbiaji wa kituo cha kwanza, kijana mgeni anayeitwa Warren Gill, hakufika cha pili. Akageuka na kuondoka. Evers akaitisha mpira, akakanyaga kituo, akamwendea mwamuzi. Siku hiyo mwamuzi alikuwa mmoja tu, na alikuwa huyuhuyu Hank O'Day.

O'Day alimjibu kwamba hakumwona Gill, alikuwa akiangalia nyumbani, kwa hiyo bao linabaki. Cubs wakapeleka malalamiko kwa rais wa Ligi ya Taifa, Harry Pulliam, naye akayakataa.

Kwa maoni yangu mkasa mzima wa Merkle ulizaliwa mezani kwa Pulliam, siku alipoyakataa malalamiko hayo. Suala la msingi lilikuwa limefikishwa mbele yake waziwazi: je, sheria ya kulazimika inafanya kazi hata kwenye pigo la kumaliza mchezo? Angeweza kusema, bao la Pittsburgh linabaki kwa sababu mwamuzi hakuona kosa, lakini kuanzia kesho wachezaji wote wafike vituoni, na waamuzi wote watazame. Barua moja kwa vilabu vinane ingemaliza kazi. Badala yake wachezaji wa ligi nzima walichoelewa ni kwamba Evers amelalamika na amekataliwa, kwa hiyo mambo ni yaleyale ya siku zote.

O'Day yeye alielewa tofauti. Aliondoka Pittsburgh akijua kwamba Evers, kisheria, alikuwa na haki, na kwamba likitokea tena ni lazima aangalie. Ndipo ukawa na mwamuzi mmoja mwenye msimamo mpya na wachezaji wengine wote wenye desturi ya zamani, na Merkle akasimama katikati yao.

Desturi yenyewe haikuwa ya uvivu. Viwanja vya wakati ule viliwaruhusu watazamaji kupita katikati ya nyasi kwenda kwenye mageti. Mchezo ulipokwisha, mchezaji alikuwa na sekunde chache tu za kuwahi chumba chake kabla hajazingirwa na watu, wengine wa kumpongeza, wengine wa kumpiga. Kila mtu alikimbia. Na waamuzi nao walikimbia, kwa sababu wao ndio waliokuwa wakirushiwa vitu.

Je, O'Day alikosea basi? Hapana. Sheria ilikuwa imeandikwa, kosa aliliona, akalitamka mbele ya umati wa nyumbani uliokuwa tayari kumrarua. Na hakuwa na chuki na New York: mwaka 1889, enzi zake za kucheza, aliwahi kuwa mrushaji wa Giants haohao. Mwaka 2013 aliingizwa katika jumba la mashujaa wa besiboli, na amri ya siku ile ni sehemu ya sababu ya jina lake kukumbukwa. Merkle anaweza kuwa hana hatia na O'Day akawa sahihi, yote mawili kwa pamoja. Watu wengi walioandika habari hii wametaka lazima wamchague mmoja.

Vikao na hukumu

New York Times ya kesho yake iliandika juu ya upumbavu wa kulaumiwa wa mchezaji Merkle. Giants walitaka wapewe ushindi wa 2-1. Cubs nao hawakuridhika na sare, walidai wapewe ushindi wa mezani, kwa hoja kwamba wenyeji ndio wenye wajibu wa kuuweka uwanja wazi ili mchezo uendelee. Pulliam akasimama na waamuzi wake. Pande zote mbili zikakata rufaa kwa wakurugenzi wa ligi, watu watatu kutoka vilabu vya Cincinnati, Brooklyn na Boston, nao mwanzoni mwa Oktoba wakathibitisha sare na kuamua kwamba, ikihitajika kumpata bingwa, mchezo urudiwe.

Ikahitajika. Cubs waliwafunga Pirates Oktoba 4 na kuwaondoa katika hesabu. Giants waliwafunga Boston mara tatu mfululizo, na walipomaliza, jedwali lilionesha Cubs wameshinda 98 na kupoteza 55, Giants wameshinda 98 na kupoteza 55.

Mchezo wa marudiano, Oktoba 8, ulichezwa Polo Grounds penye umati ambao uwanja haukuweza kuubeba. Maelfu walifungiwa nje, uzio ukavunjwa, watu wakapanda kwenye nguzo za reli ya juu ili waone, na mmoja wao akaanguka akafa. Waamuzi wa siku hiyo, Bill Klem na Jim Johnstone, waliripoti kwamba walijaribiwa kwa rushwa ili waibebe New York. Uwanjani, Pfiester alianza vibaya, Cubs wakamtoa ngwe ya kwanza tu na kumwingiza Mordecai Brown, ambaye mkono wake wa kurushia ulikuwa umekatwa kidole na mashine ya shambani utotoni, na mpira wake ulikuwa ukipinda kwa namna iliyowasumbua wapigaji. Mathewson alikuwa amechoka. Ngwe ya tatu Tinker alimpiga pigo refu la vituo vitatu na Cubs wakafunga mabao manne. Mchezo ukaisha 4-2. Wachezaji wa Chicago walikimbia kwa usalama wao, na nahodha wao Frank Chance alipigwa shingoni njiani.

Wiki moja baadaye Cubs waliwafunga Detroit Tigers kwenye World Series, fainali ya mabingwa wa ligi kuu mbili, na kutwaa ubingwa mara ya pili mfululizo. Hawakuupata tena hadi Novemba 2016.

Hesabu ya lawama

Mwenye kusema Merkle aliinyima New York ubingwa ana hesabu yake, na si ya uongo. Bao lile lingehesabiwa, Giants wangemaliza na ushindi 99 na mchezo wa marudiano usingekuwepo. Lakini hesabu hiyo inachukua mchezo mmoja na kusahau mingine iliyobaki. Baada ya Septemba 23 Giants walikutana na Philadelphia, na kijana mmoja mrushaji, Harry Coveleski, akawafunga mara tatu ndani ya siku tano. Mara tatu, mtu yuleyule. Wangemshinda walau mara moja, ubingwa ungekuwa wao bila kujali nani alikanyaga kituo gani. Na Oktoba 8, Merkle hakuwa kwenye kikosi kilichoanza. Tenney alikuwa amerudi, na Mathewson mwenyewe, bora wao, ndiye aliyefungwa.

Kuna hesabu nyingine ambayo sijaona ikipewa uzito unaostahili. Sheria ileile ingetumika Pittsburgh Septemba 4, Gill angetolewa, na mchezo ungeendelea ukiwa bado 0-0. Huenda Cubs wangekuwa na mchezo mmoja pungufu wa kupoteza. Kwa hiyo anayedai kwamba Chicago walipata bahati ya sheria anapaswa kukumbuka kwamba walikwishaikosa mara moja kwa sheria hiyohiyo.

McGraw, kwa ukali wake wote, hakumtupia Merkle lawama. Alisema wazi kwamba kijana hana kosa, akamweka kikosini na kumwongezea mshahara. Merkle akaja kuwa mlinzi wa kudumu wa kituo cha kwanza, akacheza ligi kuu misimu 16, na akafika World Series mara tano na timu tatu tofauti: Giants, Brooklyn, na mwaka 1918 Cubs wenyewe. Zote tano timu yake ilishindwa. Kila alipokosea jambo dogo, jina la Bonehead lilirudi jukwaani. Alistaafu, akahamia Florida, na kwa miaka mingi alikaa mbali na besiboli. Mwaka 1950 alikubali mwaliko wa kurudi Polo Grounds siku ya wachezaji wa zamani, na watu wakampigia makofi. Alifariki Machi 1956. Bridwell, mpigaji wa pigo lile la mwisho, alisema uzeeni kwamba afadhali angeukosa mpira siku hiyo, ili Merkle apone.

Harry Pulliam hakupona. Lawama za vilabu zilimwandama msimu mzima, mwanzoni mwa 1909 alipewa likizo kwa sababu ya afya, akarudi kazini, na Julai mwaka huo akajiua kwa risasi akiwa na umri wa miaka 40. Nimemlaumu hapo juu kwa barua ambayo hakuiandika. Ni haki pia kusema kwamba katika suala la Merkle alisimama na mwamuzi aliyekuwa sahihi, dhidi ya klabu yenye nguvu kuliko zote katika ligi yake.

Sheria yenyewe haijabadilishwa. Pigo safi la kumaliza mchezo bado linamtaka mkimbiaji wa kituo cha kwanza afike cha pili, na siku hizi waamuzi ni wanne, kila mmoja na kituo chake cha kuangalia. Ukipata nafasi ya kutazama mchezo unaoisha kwa pigo la namna hiyo, wawili wameshatolewa na kuna watu kituo cha kwanza na cha tatu, usimfuate anayeingia nyumbani wala wanaomkimbilia kumkumbatia. Mtazame yule wa kituo cha kwanza. Utamwona anakimbia hadi cha pili, anakikanyaga, na ndipo anageuka kwenda kushangilia na wenzake.